Betri mbili mpya ziliponzwa na kipande cha kopo la soda

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua barua ndefu huwa mnazikata ila hii naomba msiikate sana maana kuielewa kwangu kumenigharimu hela. Kuna msomaji mwenzangu aliandika humu akilalamika kwamba betri za magari za siku hizi ni feki zote, eti unanunua leo, miezi mitatu haijaisha vijana wa mtaani wanakusukuma. Simbishii, feki zipo tena nyingi. Lakini na mimi nililalamika hivyo hivyo karibu mwaka mzima, nikamlaani mwenye duka, nikakilaani na kiwanda ambacho hata sijui kiko nchi gani, kumbe betri ya watu haikuwa na kosa.

Mimi napika chapati na vitumbua, napeleka kwenye kantini za maofisi mjini. Naamka saa nane usiku, saa kumi na moja kasoro natakiwa niwe nimeshatoka Tabata, nikichelewa nusu saa tu Buguruni hapapitiki na watu wa ofisini wanakunywa chai na mkate. Kwa hiyo gari ikigoma alfajiri kwangu sio habari ya kuchelewa kazini, ni chapati mia mbili zinabaki ndani ya hotpoti na tunazila wenyewe mpaka watoto wanazikimbia.

Betri ya kwanza kabisa, ile iliyokuwemo kwenye gari, ilikufa kihalali, hiyo sina ugomvi nayo. Nilikaa nayo miaka minne na kwa joto la Dar hiyo ni umri wa uzee. Alama zote ilinipa, stata, ile mota inayoamsha injini, ikawa inavuta kizembe kama mtoto anayeamshwa kwenda shule, ukigeuza funguo taa za dashibodi zinafifia, leo inawaka kesho namgongea jirani anibusti, yaani aniwashie kwa waya kutoka betri yake. Nikaenda zangu dukani nikanunua mpya, laki na themanini, ya zamani nikawaachia wao.

Sasa hapa ndo pa kusikiliza. Ile betri mpya vichwa vyake, vile viwili vinavyotokeza juu, vilikuwa vyembamba, na terminali za gari langu, vile vibanio vya waya vinavyokumbatia hivyo vichwa, ni za vichwa vinene. Fundi wa pale nje akakaza nati mpaka mwisho, terminali bado unaizungusha kwa mkono. Akaangalia chini akaokota kopo la soda, akalikata kwa mkasi kipande cha upana wa vidole viwili, akakizungushia kwenye kichwa cha betri, akachomeka terminali juu yake akakaza tena. Ikashika. "Mama, hiyo haitoki mpaka unauza gari." Nikacheka, nikampa elfu tano yake na nikamshukuru juu.

Miezi minne baadaye, alfajiri, tak. Neno moja tu hilo, tak, na kimya. Nikarudi dukani na risiti yangu, wakaniuliza waranti iko wapi, nikawaonyesha risiti, wakasema risiti haina namba ya betri, halafu "mama hii umeiua mwenyewe, unawasha mziki gari imezimwa." Mimi na mziki saa kumi usiku! Lakini nilikuwa na oda, sikuwa na muda wa kugombana, nikaongeza hela nikachukua nyingine, aina ile ile, vichwa vile vile, na fundi yule yule akaja na kopo lingine. Wiki tano. Tak.

Aliyenitoa gizani ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anatengeneza redio na tivii Mbagala, wala sio fundi magari. Alikuja nyumbani kwa mambo mengine kabisa akanikuta nimefungua boneti nagonga terminali kwa kitako cha mchi, maana nilishagundua nikigonga hivi inawaka. Akaniangalia akasema shemeji hebu subiri, akatoa kwenye begi mita ya umeme, zile za njano za waya mbili nyekundu na nyeusi, ambazo madukani Kariakoo unapata ya bei ya kuku mmoja wa kienyeji.

Akapima betri gari ikiwa imezimwa tangu jana yake, ikasoma volti 11.9. Akasema betri yenye afya ikilala usiku kucha inatakiwa iamke na 12.6 au zaidi kidogo, kwa sababu ndani ina vyumba 6 na kila chumba kinatoa volti 2 na pointi. Ikisoma 12.4 ujue robo imeondoka, 12.2 imebaki nusu, 12.0 imebaki kama robo, chini ya hapo ndo hiyo yangu, imelala njaa. Lakini kulala njaa na kufa ni vitu viwili tofauti, alilirudia hilo mara tatu, na mimi nalirudia hapa maana ndo kosa tunalofanya wote na mafundi wetu. Mtu akilala njaa humpeleki makaburini.

Tukabusti, gari ikawaka. Akaweka mita kwenye altaneta yenyewe, ile inayozungushwa na injini ichaji betri, 14.2. Safi, altaneta inafanya kazi yake, ikiwa kati ya 13.8 na 14.5 hivi huna la kuilaumu, ikibaki 12 na kitu gari ikiwa inanguruma ndo uanze kuangalia altaneta na mkanda wake, na ikipita 15 inaichemsha betri mpaka maji yanakauka. (Magari mapya kidogo yana altaneta za akili zinazopandisha na kushusha zenyewe, hizo zisikutishe ukiona namba inacheza.) Halafu akaweka mita kwenye vichwa vya betri. 13.1.

Volti moja na pointi imepotea njiani, na hiyo njia yenyewe haifiki hata mita mbili.

Kilichofuata ndo kilinifanya niandike barua hii. Akaweka ncha ya waya mmoja juu ya kichwa chenyewe cha betri, ncha ya pili juu ya terminali iliyokikumbatia, yaani vitu viwili vilivyobanana, havina hata nafasi ya kupitisha unywele. Hapo mita ilitakiwa isome sifuri au jirani na sifuri. Ikasoma 1.1. Akaangalia kwa tochi ya simu, akanyofoa, akatoka na kile kipande cha kopo, kimeota unga mweupe upande mmoja na upande wa pili bado unasoma maandishi mekundu ya soda. "Shemeji, hii rangi ni rangi, haipitishi umeme. Na huku ndani kopo limepakwa dawa lisiliwe na soda, nayo haipitishi." Umeme ulikuwa unapenya kwenye mikwaruzo tu. Ukigonga kwa mchi unaongeza mkwaruzo mwingine, gari inawaka, unajiona fundi.

Kwa hiyo betri haikuwa inalishwa ikashiba. Kila siku inatoa nyingi inarudishiwa kidogo, na mimi safari zangu ni fupi, foleni ya barabara ya Mandela gari imesimama inanguruma taratibu, AC, taa, vifuta maji kama ni masika, altaneta ikizunguka polepole haitoi umeme wake wote, unafika mjini betri imeshika kidogo kuliko ulivyotoka nyumbani. Betri ikikaa nusu tumbo siku nyingi ndani kwenye zile sahani za madini ya risasi panajengeka kitu kama ukoko. Mimi mpishi nilielewa hapo hapo. Ukoko wa leo unaulowanisha unatoka, ukoko wa wiki mbili unaukwangua na sufuria inaondoka nao. Betri ya pili ilikuwa bado na ukoko wa leo, shemeji akaichaji na chaja ndogo ya ampea 4, taratibu, usiku mzima na asubuhi yake, tukaiacha ikapumzika, jioni ikasoma 12.6 na mpaka leo ndo inayonipeleka mjini. Terminali mpya za saizi ya vichwa vyembamba, mbili, zilinigharimu elfu kumi na mbili.

Ile nyingine niliyowarudishia dukani nikaongeza hela, sijui iko kwenye gari la nani. Nina wazo ila silisemi.

Tangu hapo mita nikanunua yangu na mtaani nimekuwa daktari, mama Chapati njoo utupimie. Nikawa naona mambo. Jirani mmoja, mzee wa watu ana Noah, alikuja jioni akasema yake inasoma 12.5 sasa mbona asubuhi haivuti. Nikamwambia baba, umeizima saa ngapi, akasema sasa hivi natoka kazini. Hapo inadanganya. Betri iliyotoka kuchajiwa ina chaji ya juu juu, kama povu la maziwa, unaona sufuria imejaa kumbe povu. Uiache mpaka asubuhi, au kama una haraka washa taa za mbele dakika mbili hivi gari ikiwa imezimwa, zima, subiri kidogo, ndo upime. Tukafanya hivyo, ikashuka 12.3. Sasa mtihani wenyewe, nikashika mita kwenye vichwa, kijana wangu akageuza funguo. Namba ikaanguka mpaka 7.9, stata ikalia takatakatak, dashibodi ikazimika yote. Tukaichaji usiku kucha kwanza ili tusiionee, maana betri yenye njaa hata ikiwa nzima itaanguka tu, kesho yake 12.5, tukarudia, ikaanguka tena chini ya 9. Hiyo sasa ndo imekufa. Betri iliyoshiba, ukistati, isishuke chini ya 9.6, na nzima kabisa inabaki 10 na kitu kisha injini ikishika inaruka juu 14. Na ukikuta betri umeichaji usiku mzima inagoma kwenye 10.5 haipandi, hiyo ni dalili kubwa kwamba chumba kimoja kati ya sita kimekufa, usipoteze hela ya kuchaji tena.

Kama ni betri ya maji, ile ya vifuniko sita, kuna kile kidude cha kioo cha kunyonya maji kina boya ndani, kinapima uzito wa yale maji ya asidi, na hicho hakina porojo. Chumba chenye chaji kamili kinasoma karibu 1.265, chenye nusu kama 1.19, na ukikuta vitano viko sawa na kimoja kimebaki nyuma sana, ndo huyo mgonjwa. Wauza betri wa zamani walikuwa nacho wote, siku hizi wanakuangalia usoni tu wanajua betri yako imekufa.

Kuna jamaa mwingine betri nzima, altaneta nzima, terminali zinang'aa, lakini gari ikikaa wikiendi Jumatatu haiwaki. Huyo tulimkuta taa ya buti haizimi. Taa ndogo ya wati 5! Lakini piga hesabu, inakula kama ampea 0.4, masaa 24 inakuwa karibu ampea-saa 10, na betri ya gari ndogo nyingi ina kama ampea-saa 36 ndani yake, siku mbili zaidi ya nusu imeondoka na stata inaweza kukosa cha kuivuta. Alamu za kufungisha mitaani, vile vidude vya kufuatilia gari, amplifaya ya mziki iliyoungwa moja kwa moja, vyote vinanyonya usiku. Gari iliyofungwa na kulala inatakiwa inyonye chini ya miliampea 50 hivi, na hiyo kupima unahitaji fundi umeme anayejua kuunga mita kwa mstari, yaani umeme upite ndani ya mita, msijaribu na ile mita ya njano halafu mtu akageuza funguo, inaungua fyuzi yake kama sio mita nzima.

Mafundi nao wana mambo mawili naomba waache na nayasema kwa upendo. La kwanza kupima betri kwa cheche, kugusanisha hasi na chanya kwa spana au waya waone inavyoruka, "unaona mama, moto mdogo huo". Betri ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, cheche moja ikikuta gesi kifuniko kinapasuka na asidi inamrukia mtu machoni. La pili kuchomoa terminali gari ikiwa inanguruma eti kuona kama altaneta ni nzima. Zamani kwenye magari ya platini sawa, siku hizi ukichomoa umeme unaruka juu ghafla na kwenye gari kuna kompyuta, unaokoa betri ya laki mbili unaua kontroli boksi ya laki nane. Mita ipo jamani. Na hata kubusti, hasi ya mwisho msiibane kwenye betri iliyokufa, ibaneni kwenye chuma cha injini mbali na betri, sababu ni ile ile ya cheche na gesi.

Haya, imekufa kweli, unaenda kununua. Hapa ndo nilipoponzwa na naona wengi wanaponzwa. Kabla hujatoka nyumbani fungua boneti usome betri uliyonayo, au upige picha. Betri za magari ya Kijapani zina maandishi kama 46B24L au 55D23R, sio mapambo. Namba ya mwanzo ni nguvu, ikipanda nguvu imepanda. Herufi ya kati ni upana na kimo, B nyembamba, D pana. 24 ni urefu kwa sentimita, kweli kabisa chukua rula upime. L na R ni upande, simama upande ambao vichwa viko karibu na tumbo lako, kama hasi iko kushoto hiyo ni L. Na ile herufi S mwishoni, 46B24LS, ambayo hakuna aliyewahi kuniambia, maana yake vichwa vinene. Yangu ya zamani ilikuwa na S. Niliyouziwa haikuwa na S. Herufi moja! Dukani watakuambia kwa majina ya kizamani, NS60, NS70, sawa hayana shida, NS60L ni saizi ile ile ya 46B24L na ya vichwa vinene wanaiandika NS60LS, wewe sema tu na herufi zako za mwisho, usiseme "nataka ya gari ndogo".

Ukikosea L na R waya hazifiki, na fundi wa kibongo hakubali kushindwa, atazivuta mpaka zifike, au ataigeuza betri ikae kinyume na kichwa cha chanya kiwe karibu na chuma cha boneti. Kataa. Ukikosea B na D haikai kwenye sinia yake, wanaifunga na mpira wa ndani wa baiskeli, inatikisika barabara zetu hizi na sahani zinakatika ndani. Kuongeza nguvu ndani ya saizi ile ile, mfano kutoka 46B24 kwenda 55B24, hakuna ubaya, altaneta haifi kama wanavyosema vijiweni, ila usishuke.

Kavu au ya maji? Kwanza hiyo "kavu" sio kavu, ina maji yale yale, imefungwa tu usifungue. Mimi nina kavu kwa sababu siamini kama ningekumbuka kuangalia maji kila mwezi. Ila kwa joto letu la maji sio mbaya na ni rahisi kidogo, mradi uongeze maji ya betri yaliyosafishwa na sio ya bomba wala ya kisima yenye chumvi, na usiongeze asidi, asidi haikauki, kinachokauka ni maji. Gari zile zinazojizima zenyewe kwenye taa na kujiwasha zinataka betri zake, utaona zimeandikwa M-42, N-55 au Q-85, ukiziwekea ya kawaida itachoka mapema. Haibridi, zile za mafuta na umeme, nayo ina betri ndogo ya volti 12 mbali na lile kubwa, nyingi iko nyuma kwenye buti, muulize anayezijua. Wenye BMW za siku hizi poleni, hiyo baada ya kubadilisha inabidi ukaisajili kwenye kompyuta ya gari ndo ijue ina betri mpya.

Halafu pale kaunta, mwambie aipime mbele yako. Betri mpya iliyokaa rafu mwaka mzima haijachajiwa sio mpya, inajila yenyewe taratibu na ukoko unaanza kabla hujailipia. Mimi ikisoma chini ya 12.4 sichukui hata aniapie. Uliza tarehe ya kutengenezwa, kila kiwanda kina alama zake na muuzaji anazijua akitaka. Maduka mengine yana kile kimashine kidogo kinachopima na kutoa karatasi, huyo ndo muuzaji, akikupa karatasi ibane na risiti. Na risiti iandikwe namba ya betri, sio "betri 1 pcs". Za mtumba kutoka Japani mimi sizitaki, mwenzio ameshaila miaka yake ya ujana.

Jambo dogo lakini wengi mtanishukuru: gari nyingi za Toyota zilizokuja kutoka Japani ukichomoa betri redio inajifunga inaandika ERC, inataka namba ambayo huna. Muombe fundi ashikilie umeme kwa betri nyingine ya pembeni wakati anabadilisha. Yangu imekaa na ERC tangu betri ya kwanza, ndo maana niliumia nilipoambiwa nawasha mziki.

Ile iliyokufa usiitupe na usiwape watoto wabebe. Wanunuzi wa chuma chakavu wanakuja na mizani na wengine wanamwaga asidi mtaroni pale pale waondoke na risasi. Wenzetu wa Mombasa wanalijua hili, pale mtaa wa Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri chakavu kuanzia 2007, watoto wakakutwa na risasi kwenye damu, mama mmoja Phyllis Omido aliyekuwa ameajiriwa pale mtoto wake akiwa mmoja wao, akapigana mpaka kikafungwa 2014, na 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Risasi haitoki kwenye udongo kwa kufagia. Mrudishie mwenye duka anayekusanya kwa utaratibu hata kama anakupunguzia hela kidogo.

TBS (shirika la viwango) na FCC (tume ya ushindani) waendelee kukamata feki, siwazuii. Mimi ombi langu kwa wenye maduka ya betri hapa Dar ni dogo zaidi, mita moja juu ya kaunta, mteja aone namba kabla ya kulipa, na terminali za saizi zote mbili ziwepo kwenye droo ili mtu asiokote makopo. Na kwa yule msomaji aliyeandika kwamba zote ni feki, ndugu yangu, kesho asubuhi kabla hujawasha gari fungua boneti, shika terminali ujaribu kuizungusha kwa mkono, kama inazunguka uniandikie humu humu.

Leo alfajiri yangu imeamka na 12.6. Kile kipande cha kopo ninacho, nimekibandika kwa selotepu nyuma ya risiti ya betri ya pili.

Mama Chapati,
Tabata, Dar es Salaam